Pleco: kamusi ya simu kwa mwanafunzi wa Kichina wa sekondari

Pleco ni kamusi ya Kichina na Kiingereza ya simu na tableti. Michael Love alianza kuitengeneza mwaka 2000, enzi za kompyuta ndogo za mkononi za Palm, na leo programu yake ya msingi hupatikana bure kwa simu za Android na iPhone. Sifa zake kwa watafsiri na wasomi wa vyuo vikuu zinajulikana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ninaitathmini hapa kwa swali moja linalonigusa kila muhula: je, inamsaidia mwanafunzi aliyeanza Kichina kwa hamu asiishie njiani?

Hamu ya mwanzo si tatizo. Tanzania ina Taasisi za Confucius, yaani vituo vya kufundisha Kichina na utamaduni wake, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, zote zilizofunguliwa mwaka 2013, na mwanafunzi anayechagua somo hili huwa ameshasikia habari za ufadhili wa masomo nchini China, za wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mizigo Guangzhou, na za kampuni zinazotafuta wakalimani. Hamu hupungua baadaye, na ninaona hupungua mahali pamoja karibu kila mara. Katika mfumo wa ngazi sita wa HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, ambao walimu wengi tumeuzoea, ngazi ya kwanza ina maneno 150, ya pili 300 na ya tatu 600, na katika ngazi mbili za kwanza karatasi ya mtihani huandika pinyin, yaani matamshi kwa alfabeti ya Kirumi, pamoja na herufi. Ngazi ya tatu haina pinyin tena. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa kutegemea pinyin anajikuta mbele ya ukurasa ambao hawezi hata kuutamka, kana kwamba miaka yake miwili imefutwa, na hapo ndipo wengi wanapoanza kuniuliza kama bado wanaweza kubadilisha somo.

Pleco inasaidia hasa mahali hapo. Mwanafunzi mwenye kamusi ya karatasi anapokutana na herufi asiyoijua hulazimika kuitafuta polepole kwa kipande chake kikuu na idadi ya mistari yake, kwa sababu huwezi kutafuta kwa matamshi neno usilojua kulitamka. Katika Pleco anaichora kwa kidole juu ya kioo, programu inampa herufi zinazofanana na mchoro wake, anachagua, na papo hapo anapata matamshi, toni (mwinuko wa sauti unaobadilisha maana ya neno), maana na mara nyingi sentensi za mfano. Kamusi yenyewe hukaa ndani ya simu, kwa hiyo inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo halina budi kutajwa mapema kwa familia zinazonunua bando kwa kupimia. Nimeona tofauti inayoletwa na wepesi huu. Mwanafunzi anayejua kwamba jibu lipo karibu huthubutu kusoma maandishi yaliyo juu kidogo ya kiwango chake, na boksi la chaja lenye maneno 中国制造 (“imetengenezwa China”), ambalo jana lilikuwa takataka, linageuka kuwa zoezi: herufi mbili za kwanza alizifundishwa katika masomo ya mwanzo, na mbili za mwisho anazitafuta mwenyewe.

Kipengele ninachokithamini kuliko vyote hakitajwi sana. Ukifungua neno lolote, kuna sehemu inayoichambua kila herufi katika vipande vyake na kukuonyesha herufi nyingine zenye kipande hichohicho. Chukua 青, inayosomwa qīng. Ikiwekewa alama ya usemi inakuwa 请 (qǐng), kuomba au kukaribisha. Ikiwekewa maji ni 清 (qīng), safi na angavu. Ikiwekewa jua ni 晴 (qíng), anga lisilo na mawingu. Na ikiwekewa moyo ni 情 (qíng), hisia. Kipande kimoja kinabeba sauti, kingine kinaelekeza kwenye maana, na herufi nyingi sana za Kichina zimeundwa kwa namna hii. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri kila herufi kama picha isiyo na ndugu hupata nguvu mpya anapogundua kwamba kuna mpango, na kwamba kila kipande anachojifunza kinamfungulia herufi ambazo bado hajafundishwa. Sijapata kuona alama za ushindi au zawadi za programu yoyote ya lugha zikifanya kazi hiyo kwa kina hicho.

Kwa upande wa toni, programu huzipa herufi rangi kulingana na toni zake, na hilo linasaidia jicho kutenganisha mǎi, kununua, na mài, kuuza, maneno ambayo mfanyabiashara hawezi kuyachanganya bila hasara. Maingizo ya nomino nyingi huonyesha pia neno la kuhesabia linaloambatana nayo: kitabu huhesabiwa kwa běn, samaki kwa tiáo. Hapa ninawakumbusha wanafunzi wangu kwamba wao, waliokua na ngeli, hawana sababu ya kuliogopa jambo hili. Tayari wanajua kwamba nomino huja na kundi lake, na kwamba kundi hilo hujifunzwa pamoja na nomino yenyewe tangu siku ya kwanza.

Upungufu mkubwa kwetu ni lugha ya maelezo. Fasili ziko kwa Kiingereza, hakuna Kiswahili, na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye Kiingereza chake bado kinajengwa anatafsiri mara mbili na wakati mwingine anapotea katikati. Ninachowataka wafanye ni kuandika kila neno jipya katika daftari kwa herufi, pinyin na maana ya Kiswahili, kisha sentensi moja waliyoitunga wenyewe. Jambo la pili ni kwamba Pleco ni kamusi, haina masomo yaliyopangwa wala mtu wa kukuambia leo ujifunze nini, hivyo asiye na mwalimu wala kitabu cha kiada atazunguka tu. Tatu, kuna kisomaji kinachokuwezesha kubandika maandishi na kugusa neno lolote ili kupata maana yake. Kizuri hicho kinaweza kumlemaza mtu, kwa sababu anayegusa kila neno hasomi. Mwanafunzi asome aya nzima kwanza, apige mstari kichwani chini ya maneno yaliyomshinda, ndipo aguse.

Kuna pia hali halisi ya shule zetu. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, na sipendekezi mtu yeyote aivunje kanuni hiyo kwa ajili ya kamusi. Shuleni programu inatosha kukaa kwenye simu au tableti ya mwalimu, na ikiwa kuna projekta, dakika chache za kuchambua herufi moja mbele ya darasa huleta mjadala kuliko ubao uliojaa orodha. Simu ya mzazi itumike wakati wa likizo, kipindi ambacho maneno mengi husahauliwa, kwa muda mfupi kila siku.

Sehemu ya bure inamtosha mwanafunzi hadi anapomaliza ngazi ya pili, na sioni sababu ya mzazi kulipa kabla ya hapo. Viongezo vya kulipia hununuliwa mara moja badala ya kila mwezi. Miongoni mwavyo, kisomaji cha kamera kinachotambua herufi kwenye mabango kinavutia sana lakini kinamfaa zaidi mfanyabiashara au msafiri, ilhali kadi za kujipima, zinazokuletea tena mara nyingi zaidi maneno unayoyakosea kuliko unayoyajua, ndizo zinazomfaa anayejiandaa kwa ngazi ya tatu. Shule yenye uwezo wa kununua kiongezo kimoja tu kwa tableti ya idara inunue kadi hizo.