Sindromu ya TINU: matone ya jicho au vidonge?

Mwaka 1975 Dobrin na wenzake walieleza TINU (kifupi cha Kiingereza cha "tubulointerstitial nephritis and uveitis"), ugonjwa adimu unaoshika figo na macho kwa pamoja. Huwapata zaidi vijana, hasa wasichana: homa, uchovu, kukonda, kisha macho yote mawili yanakuwa mekundu, yanauma na hayastahimili mwanga.

Dawa kuu ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, nayo huja kwa njia mbili. Matone hutuliza sehemu ya mbele ya jicho bila kuusumbua sana mwili mzima. Tikisa chupa vizuri, maana dawa hutuama chini. Vuta kope la chini, dondosha tone, fumba jicho taratibu. Ila yakitumika muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na kwa figo hayasaidii kitu.

Vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, hufika kote. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) ikiwa juu, au uvimbe ukiwa sehemu ya nyuma ya jicho, mimi naona hapo ndipo mahali pake. Gharama yake ni uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kudhoofu. Na usiviache ghafla hata ukijisikia mzima.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki: figo mara nyingi hupona, hata zenyewe, lakini macho hurudiarudia kuugua. Kwa hiyo aliyemaliza vidonge aendelee kwenda kliniki ya macho, na mwenye matone tu apimwe mkojo na damu.