Hitisinki na feni za kompyuta ya mezani: nini cha kununua, kwa mpangilio, penye joto na vumbi

Majaribio mengi ya hitisinki (kipozeo cha chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) yanayosomwa mtandaoni yamefanyika Ulaya au Marekani, ndani ya chumba chenye nyuzi 20 hadi 23. Mpimaji anaandika kwamba prosesa ilifika nyuzi 72 ikiwa kazini, na mnunuzi wa Tanga au Mombasa anatoa pesa akitarajia 72. Haipati. Hitisinki inayopozwa kwa hewa haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoizunguka. Inachofanya ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hewa hiyo. Kwa mpimaji yule pengo lilikuwa 50. Chumba chako mwezi wa pili saa nane mchana, madirisha wazi na pangaboi linazunguka, kina nyuzi 32 au 33, kwa hiyo hitisinki ileile na prosesa ileile vitakupa 82 au zaidi. Haijaharibika, wala hukuuziwa feki.

Kwa hiyo hapa nimepanga kwa kuangalia pesa yako inapunguza pengo hilo kwa kiasi gani kwenye chumba chenye joto, na kama kifaa kitadumu kwenye vumbi. Aliye Nairobi, Arusha au Mbeya ana nafuu ya joto, lakini vumbi halimwachi.

Pima kabla ya kununua

Pakua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, haina malipo, uiache wazi. Endesha Cinebench, programu inayoifanyisha prosesa kazi kwa nguvu zote, kwa dakika kumi mfululizo, andika joto la juu la prosesa na joto la chumba. Kisha fungua ubavu wa kasha, rudia zoezi lilelile. Joto likishuka kwa nyuzi saba, nane au zaidi, kasha lako linakosa hewa, na hitisinki yoyote utakayofunga itakuwa inapuliziwa hewa ya moto. Lisiposhuka sana, angalia hitisinki na pesti, ule uji wa kupitisha joto unaopakwa kati yake na prosesa.

Usitishwe na kila namba. Prosesa nyingi za Intel za mezani huanza kujipunguzia kasi zikifika nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi za AMD zimeundwa ziweze kufanya kazi hadi 95. Anayerenda video huku prosesa ikiwa 80 au 85 hana ugonjwa wa kutibu. Anayefungua faili la Excel tu na kuona 85, huyo anao.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni vumbi na pesti iliyokauka. Puliza kwa bloa ukiwa nje ya nyumba, umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo na kuua beringi. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, ukiongeza kidogo kwa prosesa pana. Hitisinki za kawaida za Intel hushikwa na pini nne za plastiki za kubonyeza. Pini moja ikiachia, kona inanyanyuka na joto linapaa, na mwenye kompyuta anaamini anahitaji kipozeo kipya. Bonyeza zote nne, uangalie upande wa nyuma wa mazabodi kama zimetokeza sawasawa.

Kwa wenye Ryzen za AM4 (aina ya soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) kuna tahadhari moja inayookoa pesa nyingi: usiing'oe hitisinki ikiwa baridi. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyoganda huivuta prosesa ikatoka na hitisinki, pini zikapinda. Washa kompyuta ifanye kazi dakika kadhaa, izime, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua.

Nafasi ya kwanza: feni za kasha

Najua wengi wanatarajia jina la hitisinki hapa. Lakini kompyuta nyingi ninazozifungua zina feni moja ya nyuma, au hazina kabisa, na mbele kuna kioo kisichopitisha hewa. Kama prosesa yako ni ya daraja la wati 65, mfano Ryzen 5 5600 au Core i5-12400, na imekuja na hitisinki yake, ongeza feni mbili mbele zinazovuta hewa ndani na moja nyuma inayoitoa. Hewa inayoingia ikizidi kidogo inayotoka, vumbi halinyonywi kupitia kila upenyo wa kasha, linapita mbele ambako unaweza kuweka chujio na kulisafisha.

Nunua Arctic P12 PWM ukiipata. Ni feni ya milimita 120, ya pini nne, inayosukuma hewa vizuri hata penye chujio, na bei yake kwa Marekani imekuwa chini ya dola 10. Kasha likikubali milimita 140, chukua hizo: feni kubwa inapitisha hewa ileile kwa mzunguko wa polepole, hivyo kelele hupungua. Pini nne humaanisha mazabodi inaweza kuirekebisha kasi kwa PWM, yaani kwa ishara inayopita kwenye pini ya nne. Pini tatu nayo hufanya kazi, ila hakikisha BIOS, mipangilio ya msingi ya mazabodi, imewekwa kwenye mfumo wa volti (DC), la sivyo itazunguka kwa nguvu zote mchana kutwa.

Uliza beringi. Feni za bei ya chini kabisa hutumia bushi, na bushi haipendi joto wala kulazwa. Mafuta yakikauka inaanza kukoroma. Beringi za majimaji hudumu zaidi na ziko kimya. Za gololi huvumilia joto vizuri, kelele yake ndiyo iko juu kidogo.

Nafasi ya pili: Thermalright Peerless Assassin 120 SE

Kwa atakayenunua hitisinki mpya, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ina minara miwili ya mapezi, paipu sita za shaba na feni mbili za milimita 120, na bei yake Marekani imekuwa ikizunguka dola 35 hadi 40. Vipozeo vilivyokaribiana nayo kwa uwezo vilikuwa vikiuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Siri iko kwenye paipu. Ndani yake kuna maji kidogo yaliyofungiwa kwenye shinikizo dogo. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa na kuwa maji tena, yanarudi kupitia utando wa ndani. Joto husafiri hivyo kwa haraka kuliko lingepita kwenye nondo nzito ya shaba. Hakuna pampu, hakuna cha kuvuja ukakiona, na feni ikifa unanunua feni ya 120 duka lolote na kuipachika siku hiyohiyo. Hilo la mwisho ndilo linaloipa uzito kwangu.

Pima mambo mawili kabla ya kuagiza. Urefu wake ni milimita 155, na makasha mengi ya wastani huruhusu kati ya 155 na 165, lakini membamba hayafiki hapo. Pili, feni ya mbele inakaa juu ya RAM. RAM yenye urembo mrefu itakulazimisha kuipandisha feni, na milimita ulizohesabu zinakwisha.

Nafasi ya tatu: mnara mmoja, paipu nne

Hapa wamo DeepCool AK400 na Cooler Master Hyper 212 za aina mbalimbali. Inatosha kwa Core i5 na Ryzen 5 zote za daraja la wati 65, na kwa Ryzen 7 nyingi ukikubali kelele kidogo. Nimeishusha chini ya Peerless Assassin kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo. Inapanda juu yake pale kasha lilipo dogo, RAM ilipo ndefu, au duka lililo karibu nawe linayo mkononi na ile nyingine ni ya kuagiza na kusubiri wiki kadhaa.

Nafasi ya nne: Noctua NH-D15

Imetoka mwaka 2014 na bado inaheshimika. Ina milimita 165 na uzito wa kilo 1.3 pamoja na feni zake mbili. Feni zake ni miongoni mwa zinazodumu na kutulia kuliko zote, na kampuni imekuwa ikitoa vifungio vya soketi mpya bure kwa mwenye risiti. Ni kifaa cha kuhama nacho kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ila kwa joto peke yake, dola mia hivi inashusha nyuzi chache tu kuliko ile ya dola 35. Mtu wa studio ya sauti, ambaye kelele inamharibia kazi, anunue. Wengine waweke tofauti ile kwenye SSD.

Nafasi ya tano: kipozeo cha maji

Rejeta ya milimita 360 ina maana yake kwa prosesa kama Core i9-14900K, ambayo kikomo chake rasmi cha nguvu ni wati 253. Chini ya hapo sioni sababu ya kuiweka kwenye nyumba ya kawaida hapa kwetu. Maji hayabadilishi hesabu ya pengo: rejeta nayo inapozwa na hewa ya chumba, iwe 33 au 22. Mapezi yake ni membamba na yamebanana, vumbi linajaa upesi. Pampu ikifa, kazi imesimama, kwa kuwa kwenye hivi vya kufungwa kiwandani huwa unatupa kipozeo kizima. Na maji hupungua taratibu kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda, hata pasipo kuvuja. Ukinunua, funga rejeta juu au hakikisha pampu haiwi sehemu ya juu kuliko zote, maana hewa hukusanyika juu.

Mwenye Ryzen 7 7700X anayefikiria maji kwa sababu ya joto ajaribu kwanza Eco Mode, hali ya kubana umeme, kwenye BIOS. Prosesa inashuka daraja la wati 105 kwenda 65, kasi inayopotea ni ndogo, na gharama ni sifuri.

Usinunue

Vipozeo visivyo na jina, vyenye taa za rangi na paipu mbili nyembamba, vinavyodai kwenye boksi kumudu prosesa yoyote. Kwenye baadhi yake paipu haziigusi vizuri bamba la chini. Vigeuze uviangalie tumboni: bamba liwe bapa, paipu zisiwe na mwanya. Taa hazipozi kitu. Pesti ya sindano isiyo na jina nayo iache. Arctic MX-4 inatosha kwa miaka, na kwa kuwa inaigwa sana, inunue kwa muuzaji atakayekupa risiti.

Kama kompyuta yako ni Dell au HP ya ofisi, iliyotumika

Hizi ndizo nyingi Kariakoo na Luthuli Avenue, na ndizo zinazowatesa wanunuzi wa hitisinki. Kwenye OptiPlex nyingi skrubu za hitisinki huingia kwenye bati la kasha lenyewe, si kwenye bamba la nyuma ya mazabodi, hivyo kifungio cha kawaida hakikai. Plagi ya feni nayo mara nyingi ina umbo lake peke yake. Ukichomeka feni ya dukani, kompyuta inaweza kulalamika kila ikiwaka kwamba haioni feni na kukutaka ubonyeze F1. Kwa mashine hizi tafuta hitisinki ya modeli hiyohiyo ya kasha kubwa, au safisha na ubadilishe pesti ukaishie hapo. Zilizo ndogo bapa hazina nafasi ya mnara kabisa.

Soketi

Matundu ya kufungia hitisinki kwenye soketi za Intel LGA 1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 yako sawa, milimita 75 kutoka tundu hadi tundu. LGA 1700, iliyokuja mwaka 2021, ni 78, na LGA 1851 imeifuata hiyo. Hitisinki ya zamani inahitaji kifungio kipya, na kulazimisha ya 75 kunaacha mgandamizo hafifu. Kwa AMD, vipozeo vingi vya AM4 vinaingia AM5, ilimradi vinatumia bamba la nyuma lililokuja na mazabodi. Vile vipande vya plastiki vya mazabodi ya AMD usivitupe, baadhi ya vipozeo hunasa hapo. Na ukivifungua kwenye AM4 shika bamba la nyuma kwa mkono, kwa sababu hakuna kingine kinacholishikilia.

Ukiwa kaunta, fungua boksi uhesabu: kifungio cha soketi yako, skrubu, waya za kubania feni, pesti. Kifungio kikikosekana, usiondoke na ahadi ya kuletewa kesho.

Na kama kompyuta itasafiri kwa basi kwenda mkoani, hitisinki ya minara miwili iondolewe na kufungwa peke yake. Ikishindikana, laza kasha ubavu, mazabodi ikiwa chini na minara imesimama wima, umwambie konda asiigeuze. Kilo nzima inayoning'inia kwenye mazabodi iliyosimama, kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, inaweza kuipasua.