Boya la kufunga kiunoni: nimelijaribu Ziwa Kivu, upande wa Bukavu

Kama uliwahi kuogelea ziwani, ukaacha kwa miaka, na sasa unatamani kurudi, nunua boya hili kabla ya kitu kingine chochote. La kwangu ni la rangi ya chungwa kali, lina mkanda wa kiunoni na kamba fupi, nalo linakufuata nyuma unapoogelea. Shemeji yangu aliniletea kutoka Kigali kwa dola 25. Naona bei hiyo ni halali.

Mimi niliacha kuogelea nilipoanza kuzaa, na mtoto wangu wa mwisho sasa yuko sekondari. Mikono bado inajua kazi yake, ila pumzi imepungua sana, na ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu anachoka mapema kuliko anavyodhani. Hapo ndipo nimelipenda boya. Ukichoka unalivuta kifuani, unalikumbatia, unatulia mpaka moyo urudi mahali pake, halafu unaamua kama unaendelea au unarudi. Kivu haikupi nafasi ya kusimama: kwenye mawe ya Muhumba, hatua chache tu na chini hukufikii tena.

Faida ya pili ni kuonekana. Kichwa cha mtu majini ni kitu kidogo mno kwa nahodha wa kano rapidi, yaani boti ya mwendo kasi. Baba mvuvi anayenisindikiza na mtumbwi wake (namlipa, na ninyi mlipeni wa kwenu) aliniambia, "Mama, hata mawimbi yakikuficha, ile rangi naiona." Boya bila mtu wa kukuangalia mimi silikubali hata kidogo.

Kasoro zipo. Upepo wa mchana unalisukuma pembeni mpaka linagonga mkono, kwa hiyo mimi naingia asubuhi, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakishatoa nyavu zao. Mfuko wake wa ndani wanasema hauingii maji. Simu yangu naifunga kwanza kwenye mfuko mwingine. Na kifuniko cha tundu la kujazia upepo ni kidogo, vidole vikilowa kinasumbua.

Lakini sikilizeni hili vizuri: hili si jile ya kuokolea, yaani jaketi la kuokoa maisha. Limeandikwa hivyo juu yake. Mtu akizimia, boya halitamgeuza uso juu. Asiyejua kuogelea asipewe, na watoto wasilichezee majini.

Kwa anayerudi, ogelea sambamba na ukingo, usielekee katikati. Anza na mwendo mfupi, mahali unapoweza kutoka wakati wowote. Maji yana nyuzi 24 hivi, yanaonekana ya vuguvugu, ila mwili una 37 na ukikaa sana joto linakutoka. Ukianza kutetemeka, toka, usijishindanishe na mtu. Na pale mto Ruzizi unapotoka ziwani usisogee kabisa. Kuna mkondo, na taka za plastiki zinaelea kuelekea kule kule, ndizo zinazoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi I. Inaniuma kila ninapoziona, kwa sababu ni chupa zetu sisi wenyewe.

Ukimaliza, lisuuze kwa maji safi, likaushe kivulini.

Ndugu zangu wa Goma, kwenu nawaongezea jambo moja ambalo boya lolote haliwezi: mazuku. Ile gesi ya kaboni dioksidi inaua, ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inalala kwenye mabonde na vishimo karibu na ufuo, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo kuamka. Kwa hiyo saa yangu ya asubuhi huku Bukavu msiichukue hivi hivi. Waulizeni wanaoishi pale ufuoni ni sehemu gani wao hawapiti, na mahali penyewe mpaache, hata kama maji yake ni mazuri.