Planxty, "Live 2004": wazee wanne, hakuna wa kuwashikia

Ukitaka kununua diski moja tu ya muziki wa jadi wa Ireland, nunua hii, na uchukue ya DVD. CD itakunyima mikono ya Liam O'Flynn, mpiga zumari wao.

Bendi hii ya Planxty walianza 1972: Christy Moore, Dónal Lunny, Andy Irvine na O'Flynn. Wakavunjika 1975, wakarudiana, wakaachana tena mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwaka 2004 wanne walewale wakapanda jukwaani Vicar Street, Dublin, na ndiko diski ilikorekodiwa. Bendi kongwe zikirudi huwa zinabeba vijana kibao wa kuziba mapengo. Hawa wameketi vitini mwao, basi. Moore na bodhrán yake, ngoma ya ukoo wa dufu. Lunny na Irvine wanasukana kwa nyuzi, buzuki la Kigiriki likiwa ndani ya muziki wa Ireland kama mwenyeji.

Sasa hiyo mikono. Zumari la Ireland halipulizwi kwa mdomo. Mvukuto uko chini ya mkono wa kulia, mfuko wa hewa chini ya wa kushoto, vidole viko kwenye bomba lililosimamishwa juu ya paja, na kuna vibonyezo vya pembeni anavyovigusa kwa kifundo cha mkono ili kutia sauti za kuitikia. Vyote kwa pamoja! Na uso wake mkavu kama wa karani wa benki.

Moore anamaliza "Raggle Taggle Gypsy", kisa cha bibi wa kitajiri aliyeacha godoro la manyoya akafuata watu wa barabarani, na bila kupumzika wanaingia "Tabhair Dom Do Lámh", tuni ya mpiga kinubi kipofu Ruairí Dall Ó Catháin. Zumari lilipoingia, mimi mtu wa taarabu mkono ulishakwenda mfukoni kutafuta noti ya kutuza.

Nyimbo za mbio, kwa kweli, zina moto zaidi kwenye albamu yao ya kwanza ya 1973. Lakini zile za polepole, hasa Irvine anapoimba, umri umezifaa.

O'Flynn alifariki Machi 2018, kwa hiyo wanne hawa hutawaona tena ukumbini. Nakala ya mtumba inatosha: yangu kasha limepasuka, ila diski hairuki hata kidogo.