Koili haikuliwa na floridi

Koili iliyokatika, ule waya unaopasha maji moto, iko mezani mbele yangu na hasira bado haijaisha. Ni ya shawa ya umeme, zile za kichwa cha plastiki zenye baridi, vuguvugu na moto. Imefanya kazi wiki chache tu. Niliporudi nayo dukani, hapa hapa Arusha mjini, muuzaji hakuipokea hata mkononi. "Mama, maji yetu yana floridi, ndiyo inayokula koili. Nunua nyingine." Nikauliza habari ya garantii. "Kama imekushinda, rudi kwenye ndoo." Wateja wengine wamesimama pale wanasikiliza.

Nianze na hiyo floridi, kwa sababu wengi wameambiwa hivyo na wanaendelea kununua koili bila kutafuta ugonjwa wenyewe. Ni kweli maji ya sehemu nyingi za pande hizi za Meru yana floridi ya juu, na meno ya kahawia ya watu wetu ni ushahidi. Lakini floridi si adui wa koili. Kinachoganda kwenye koili ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu, na maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na kalsiamu kidogo. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Kama hakuna ukoko mweupe chini, mtu asikuambie maji ndiyo yaliyoua koili yako.

Na koili yenyewe inasema imekufa kwa nini, ukiitazama kwa utulivu. Iliyouawa na chokaa huvaa gamba jeupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hii yangu ni safi, isipokuwa mizunguko mitatu ya juu iliyogeuka rangi ya bluu na nyeusi, imelegea na kuegemeana. Pale ilipokatika, ncha zote mbili zimeyeyuka zikawa viduara vidogo kama kichwa cha pini. Hiyo ni koili iliyowaka nje ya maji. Waya wa nikromu wa shawa ya wati 5,500 unapitisha ampea 25, na kinachouokoa ni maji yanayoupita tu. Ukikauka, unakuwa mwekundu ndani ya sekunde chache.

Sasa kwa nini ulikauka? Hapa ndipo nilipokasirika zaidi, na si kwa muuzaji peke yake.

Ndani ya boksi la shawa hizi huwa kuna kiplastiki cha duara, kidogo kuliko kizibo cha soda, chenye tundu dogo katikati. Ni kipunguza presha. Kinawekwa kwenye ingilio la maji pale ambapo presha ni kubwa, kwa mfano tanki likiwa mita 8 au zaidi juu ya shawa, kama ghorofani. Huku kwetu tanki limekaa kwenye stendi, na kutoka usawa wa tanki hadi kichwa cha shawa haifiki mita moja na nusu. Kila mita 1 ya urefu inakupa presha ya kama kPa (kilopaskali) 10, na shawa nyingi za namna hii zinataka angalau hizo 10. Tulikuwa tumepita mpaka kidogo sana. Fundi akakiweka kile kiplastiki, eti kwa kuwa kimekuja na boksi. Maji yakawa uzi.

Pima mwenyewe, usikubali kuambiwa "yanatosha". Chukua kopo la lita 1, weka shawa kwenye baridi, fungua koki yote na uhesabu. Likijaa kwa sekunde 15, hiyo ni lita 4 kwa dakika, na wati 5,500 zitaongeza joto kama nyuzi 20. Hapo unaoga vizuri hata Julai. Likijaa kwa sekunde 30, joto linaongezeka nyuzi 40: maji yanakuunguza, mapovu ya mvuke yanajikusanya juu ndani ya kichwa, na mizunguko ya juu ya koili inabaki hewani. Ukisikia ndani "tak, tak, tak", kiwambo, yaani utando wa ndani unaosukumwa na presha ya maji kuwasha umeme, kinawasha na kuzima kwa sababu presha inacheza mpakani. Zima. Kila tak ni cheche kwenye kontakti.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu kiwambo hicho. Kinasoma presha, hakihesabu maji yanayotoka. Sahani ya matundu maji yanapotokea ikiziba kwa mchanga wa tanki, presha ndani inabaki nzuri, umeme unabaki umewaka, lakini maji hayatembei. Ndiyo maana koili nyingi hukatika mara baada ya mvua kubwa, maji yakiwa na tope. Fungua sahani kila mwezi, isugue kwa mswaki, na kama ina ukoko iloweke kwenye siki usiku mzima. Koili yenyewe usiikwaruze kwa kisu. Ukiichubua, pale palipochubuka waya unakuwa mwembamba, unapata moto kuliko kwingine, na ndipo utakapokatikia.

Halafu umeme mdogo wa jioni. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 190, wati 5,500 zinabaki kama 4,100, yaani robo ya moto imepotea. Mtu anahisi baridi, anaminya koki maji yapungue yapate moto. Yanapata kweli. Ghafla volti zinarudi, na koili iko na maji nusu. Jioni za namna hiyo oga maji ya vuguvugu, koki iache wazi.

Maji yakikatika yakarudi, bomba linakuwa na hewa. Weka baridi, acha yatiririke mpaka yaache kutema, ndipo uwashe. Hivyo hivyo siku ya kwanza baada ya kufunga, na kila ukibadilisha koili. Kuhama kutoka vuguvugu kwenda moto, funga maji kwanza. Ukimaliza kuoga, rudisha baridi na uyaache yapite sekunde chache.

Waya: milimita za mraba 4 angalau, 6 kama bodi iko mbali, na breka yake peke yake ya ampea 32. Kiungo kiwe cha konekta ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka na kusokota na tepu ni kujitafutia moto. Na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, si hiari. Koili hizi ziko uchi ndani ya maji unayooga. Ukigusa koki ukahisi msisimko, toka bafuni, zima breka, na shawa isiguswe mpaka ethi ipimwe.

Msikubali koili iliyoungwa. Fundi akikata kipande kilichoungua na kuifunga iliyobaki, koili fupi ina ukinzani mdogo. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya urefu, ampea 25 zinakuwa karibu 28, na waya uliopimiwa 25 ndio unaobeba. Nimeona inaitwa "kuokoa hela".

Nilianza nikitaka kusema msinunue shawa hii. Siwezi kusema hivyo kwa haki, kwa sababu tangu kile kiplastiki kitolewe na koili mpya iwekwe, baridi lote hili limepita ikifanya kazi, na dakika 10 za kuoga hazimalizi hata uniti moja ya Luku. Ni kifaa kizuri. Hapana, nirekebishe: ni kifaa kizuri kilichouzwa vibaya, na kijitabu chake hakina neno moja la Kiswahili. Muuzaji alipaswa kuuliza swali moja tu: tanki lako liko juu kiasi gani? Hakuliuliza siku anapokea hela, hakuliuliza siku narudi na koili mkononi. Pale sirudi, na ile lugha yake mbele za watu sijaisamehe.

Kama yako bado haijafungwa, simama na fundi. Kabla hajakaza nati ya ingilio mwambie akuonyeshe ndani, na kama tanki lako liko chini kama letu, kile kiplastiki kitolewe ukiwa unaangalia.