Mafuta ya mikono kwa wafumaji: nazi, shea na nta mbele ya uzi mweupe

Karibuni tena. Leo sifumi, leo napaka. Mezani nina makopo matatu: mafuta ya nazi ya kukamuliwa bila moto, shea, yaani mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, ya kutoka kaskazini mwa Uganda, na mafuta ya mgando yaliyopikwa kwa nta ya nyuki na alizeti. Yote nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenitumia. Majina ya wauzaji sitataja, maana bidhaa hizi kila mtaa una mtu anayepika za kwake. Tuangalie kilichomo ndani ya kopo.

Ngoja niwasogezee mkono. Kamera inashika? Hiki kidole cha shahada, mkono wa kushoto, hapa pembeni uzi unapopita. Mnaona huo mstari? Ngozi imekakamaa, imepauka, na katikati kuna ufa mdogo. Wenzangu wa kroshia mnaujua, hasa mnaofuma uzi wa akriliki kutwa nzima. Sasa tazama gumba, pembeni ya kucha, hicho kinyama kilichochomoka. Huyo ndiye adui yetu. Uzi ukimpitia unanasa, unachomoa unyuzi mmoja, na mshono wote unaota manyoya.

Ndiyo maana wanaochambua mafuta ya mikono kwa watu wote hawatufai sana sisi. Wao wanauliza yanalainisha? Yananukia? Sisi tuna swali jingine: nikishapaka, uzi naushika saa ngapi?

Kwa hiyo nimepima hivi. Nimechukua uzi mweupe wa pamba, ule wa vitambaa vya makochi. Napaka, nasubiri kidogo, naubana uzi kati ya gumba na shahada, nauvuta, halafu naulaza juu ya karatasi ya kaki na kuukandamiza kwa kidole kikavu. Karatasi haimwonei mtu aibu. Kama uzi umebeba mafuta, doa linaonekana hapohapo.

Tuanze na nazi. Haya yangu yameganda, si kwamba yameharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hapa Iringa mwezi wa saba unachota kwa kijiko, wakati dada yangu wa Dar anamimina. Kuna watu wanagombana na muuzaji kwa jambo hili, jamani, ni mafuta yaleyale.

Mkononi ni matamu: yanayeyuka mara moja, yanasambaa. Karatasi ya kaki ndiyo inayoyaumbua. Hili doa la kwanza ni baada ya kupaka tu, na hili la pili ni baada ya kunywa chai yangu mpaka ikaisha. Bado lipo. Halafu sindano ya aluminiamu inateleza, nawe bila kujua unaanza kuikaba kwa nguvu, na kule kukaba ndiko kunakochosha kiganja. Faida yake ni bei na kwamba yanapatikana kila kona. Kabla ya kazi, hapana.

Shea. Hii napenda kuizungumzia kwa sababu wengi tunajua ile ya Afrika Magharibi, ya Ghana na Burkina Faso, ngumu, mpaka uikwangue. Hii ya Uganda inatoka kwenye jamii nyingine ya mti uleule, inaitwa nilotica, inayoota pia Sudan Kusini. Waacholi na Walango wanaiita moo yao. Ina asidi ya oleiki, aina ya mafuta yasiyoganda upesi, kwa wingi zaidi, kwa hiyo ni laini, kidole kinazama bila kusukuma. Harufu ya kopo langu ni kama karanga zilizoungua kidogo. Mimi hainisumbui, ila kofia ya mtoto mchanga ikinukia hivyo, mama yake atauliza.

Kwenye karatasi, mara ya kwanza doa lipo. Baada ya nusu saa limebaki kivuli tu, tena ukilitafuta. Na ule mstari wa kwenye shahada ndio uliolegea hapa kuliko kwa nazi. Kasoro ni bei na upatikanaji. Ukiagiza, muulize muuzaji imetoka wapi, maana shea ya magharibi iliyopigwa mashine ikawa krimu nayo inauzwa kwa jina hilihili.

Nta sasa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 au zaidi, kwa hiyo joto la mwili haliiyeyushi. Haiingii kwenye ngozi, inakaa juu na kuziba. Kwa ufa, hiki ndicho kinachotakiwa. Usiku unaupaka, asubuhi kingo zake zimelainika na haziumi ukizikunja. Lakini ukifuma nayo mkononi, uzi unakwamakwama kwenye kidole. Haukimbii, unakaza, na mishono inatoka midogo. Mwenye sweta la kupima upana kwa sampuli atanielewa: mgongo utafuma wa kipimo hiki, kifua cha kipimo kingine.

Na yale mafuta ya mgando ya dukani, ya petroli jeli? Yanaziba vizuri tu. Nimeyaacha kwa sababu leo tunazungumzia vya asilia, si kwa sababu ni sumu.

Basi mimi natumia hivi. Usiku, nimenawa na mikono bado ina unyevu, napaka shea, kisha nta kwenye nyufa pekee, navaa soksi za pamba mikononi nalala. Unyevu ni muhimu, kwa sababu mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Mchana nachukua shea kidogo sana, naipaka mgongo wa mkono kwa mgongo wa mkono, hivi, viganja visiguse. Ncha za vidole zinabaki kavu kwa ajili ya uzi.

Kuna vitu mtauziwa kwa neno asilia, navipitia haraka. Manjano: yataupaka uzi rangi, sahau. Sukari na ndimu: sukari sawa, ndimu kwenye ufa ni mateso, na ukitoka juani na maji ya ndimu mkononi ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa. Mafuta ya karafuu bila kuchanganywa yanachoma ngozi. Halafu zile krimu za kusaga aloe vera mbichi na mafuta, "hazina kemikali kabisa": zina maji na hazina kihifadhi, kwa hiyo zinaota ukungu. Fungua kopo, nusa, angalia chini ya kifuniko.

Kingine, hakuna mafuta hata moja hapa ya kutibu ganzi. Kama gumba, shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, mpaka unaamka kukung'uta mkono, mara nyingi huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Punguza kazi, nenda kituo cha afya. Anayekuambia usugue karafuu anauza karafuu.

Mwenye hela ya kopo moja tu, anunue nta, kwa sababu ufa ndio unaosimamisha kazi. Mwenye ya mawili aongeze shea. Nazi pikieni wali.

Na aliyekwisha kutia doa kitambaa cha mteja: tone la sabuni ya maji ya vyombo juu ya doa kabla ya kulowesha, sugua taratibu kwa kidole, acha kidogo, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Pasi usiiguse mpaka uhakikishe doa limetoka.