Makumbusho ya Majimaji Songea: nilienda kutembea, nikajikuta niko msibani

Wiki iliyopita nilikuwa Songea, ukweni, na kama mnavyojua ukweni siku ya tatu unaanza kuhesabu mabati maana huna kazi na hata kuku huwezi kumfukuza bila kuangaliwa. Nikamwambia shemeji yangu mdogo, yule wa form two, twende zetu makumbusho ya Majimaji, ile vita ya babu zetu na Wajerumani, nikanyooshe miguu, nikajua nusu saa tumemaliza tunarudi kula makande. Tulikaa mpaka makande yakapoa.

Mahali penyewe ni mtaa wa Mahenge, humo humo mjini, dereva yeyote wa bajaji anapajua, ila bei mmalizane kabla hujapanda maana wa kwetu alisikia tu lafudhi ya Dar akaongeza mia tano papo hapo na bado akatuzungusha. Kiingilio cha Mtanzania hakikunitisha.

Sasa niseme ukweli, mi na makumbusho hatuelewani. Kuna moja nilishaenda zamani, sitaitaja, anayekutembeza anakusomea kibao ambacho na wewe unakiona, anakisoma kama anasoma bili ya maji, ukimuuliza swali anakirudia tena kile kibao. Nikategemea hivyo hivyo. Huku dada aliyetupokea kabla hajafungua mdomo kuhusu vita akaniuliza mi kabila gani, nikamwambia Mnyamwezi, na sisi na Wangoni wa huku ni watani, basi akapiga makofi, "Aaa mtani! Wewe leo utalia kwa lazima, na rambirambi utatoa." Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Mi nikajibu naona mnatunza vizuri ila panya wa mboga mmewaficha wapi, maana Wangoni tunawatania kwa kula panya, na hapo tukawa tumeshafahamiana.

Utani wenyewe una historia yake na yeye ndo akaanzia hapo. Wangoni walitoka kusini kabisa, Afrika Kusini ya sasa, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakapanda mpaka Ufipa, wengine wakaja kutusumbua sisi Unyamwezini tukawaita Watuta, na Mirambo, mtemi wetu, naye akajifunzia vita kwao. Wengine wakateremka huku Ruvuma wakawa na falme mbili, Mshope na Njelu. Hii ya falme mbili mi na miaka yangu yote sikuwa naijua. Nilijua Songea ni jina la mji, basi. Kumbe ni mtu, Songea Mbano, nduna, yaani mkuu wa vita chini ya mfalme, wa Njelu, na nkosi, yaani mfalme mwenyewe, alikuwa Mputa Gama ila Songea nguvu zake kwa watu zilikuwa kubwa kiasi kwamba Wajerumani walimuogopa yeye zaidi.

Ndani kuna ngao, mikuki, mapicha ya zamani, vitu ambavyo ukiwa na haraka unapita. Usipite. Simama hasa kwenye picha za wafungwa wale wa minyororo ya shingoni, angalia nyuso. Mmoja anaangalia kamera moja kwa moja, hajainamisha kichwa, na mi nilishindwa kumwangalia muda mrefu.

Ya maji mnayajua, ile dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, iliyotolewa na mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, vita ikaanza Julai 1905, yeye wakamnyonga mwanzoni tu mwezi wa nane lakini maji yalishatoka mikononi mwake, yanatembea kijiji kwa kijiji mpaka yakafika Ungoni. Shemeji hapo akasema kitu, akasema shuleni waliandikishwa "sababu za kushindwa" tano, ya kwanza silaha duni, akazipata zote kwenye mtihani, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba waliokufa wamezikwa karibu na stendi anayopandia daladala. Yule dada akamwambia, "Njoo basi uwaone."

Nje ndo penyewe. Ukienda Songea ukaishia ndani kwenye mikuki hujafika.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji wa Kingoni, na baadhi wakabatizwa kwanza, yaani mtu anapewa jina jipya la kikristo halafu anapelekwa kwenye kitanzi. Jumla wanahesabiwa 67. Wakatupwa kaburi moja, kaburi la halaiki. Songea Mbano peke yake ndo ana kaburi lake pembeni, na masimulizi ya hapo yanasema walitaka kumwacha hai, akakataa, akasema aliowaongoza wameshatangulia na yeye anawafuata, wakamnyonga siku tatu baadaye. Na aliyelala kwenye hilo kaburi lake hana kichwa. Kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, ndo wazee wanavyosema, na mpaka leo ukoo wake unakidai.

Tukiwa tumesimama pale akaingia mzee mmoja na mjukuu kama wa miaka sita. Hakupita kwa mtembezaji, hakuangalia mikuki, alikuja moja kwa moja kwenye majina ya walionyongwa, akavua kofia, akamshika mtoto kidole akakipitisha kwenye jina moja herufi kwa herufi kama anamfundisha kusoma. Kisha akamwambia kwa Kingoni kitu sikukielewa, shemeji akanitafsiria kwa sauti ya chini: amemwambia msalimie. Mtoto akasema shikamoo babu. Kwa jiwe. Nikaukumbuka ule utani wangu wa panya nikaona aibu, ingawa kwa desturi mtani ndo kazi yake msibani, kuchekesha wafiwa.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini hawa watu wanapatunza. Palifunguliwa 1980, na tangu 2010 pako chini ya Makumbusho ya Taifa, lakini watu wa Songea hawapaongelei kama pa serikali, wanapaongelea kama kwenye kaya ya ukoo. Kila mwaka mwishoni mwa Februari, kilele tarehe 27, wanakusanyika, wazee, wanafunzi, jeshi, ngoma za Lizombe, na koo zinakuja kila moja kwa mtu wake. Ukitaka kwenda kipindi hicho tafuta chumba mapema. Ukitaka kuongea na watu kwa utulivu nenda siku ya kawaida kama mimi.

Na ni hapo hapo tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja akakutana na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watajitahidi kukitafuta hicho kichwa. Nilimuuliza dada aliona vipi, akasema msamaha ni mzuri, ila mgeni wa msiba huwa anakuja na alichobeba. Nikanyamaza.

Mi ningekuwa na uwezo ningewaongezea chumba kizima cha njaa. 67 wana majina, sawa, ila vita nzima inakadiriwa iliua watu mpaka laki tatu, na wengi hawakufa kwa risasi, walichomewa mashamba na maghala ya mahindi wakaachwa. Hao hawana kaburi la kwenda kusalimia. Ni maoni yangu tu.

Nyota? Nampa zote tano yule dada. Beba maji ya kunywa (watani msicheke), vaa viatu vya kusimama, na kama una mtoto wa shule mpeleke huyo kabla hajaandikishwa sababu tano.

Jioni baba mkwe akauliza, "Umewaona?" Hakusema umeiona makumbusho. Nikaanza kumtajia, Mputa, Songea, akawa anaitikia kwa kichwa, akasubiri, nikawa sina zaidi. Akauliza, "Na mama je?" Mama gani? Kumbe kati ya wale walionyongwa kuna mwanamke, Mkomanile, inasemekana ndiye aliyeyapokea maji na kuyasambaza Ungoni, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wote wale, na mimi nimesimama mbele ya majina nikampita. Mzee hakunigombeza. Alimwambia tu shemeji, kesho mrudishe mwenzio.

Tukarudi. Dada alituona getini akasema, "Mtani, nilijua."